Daftari linasema «ametengwa»: nitaijuaje imani ya baba mzaa babu yangu?

Mjukuu wa Mwalimu anauliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za siku nyingi.

Nimelelewa katika ukoo ambao kila mkutano wake, uwe wa arusi au wa arobaini, hufunguliwa kwa kumtaja baba mzaa babu yangu, aliyekuwa mwalimu wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, katika nchi ya Bonde, mkoani Tanga, tangu miaka ya 1890 hadi alipofariki mwaka 1941. Tunajiita «watoto wa Mwalimu». Tumeambiwa kwamba alikuwa Mbondei wa asili, kwamba hakuwahi kugombana na mtu, kwamba alifungwa na Wajerumani huko Tabora kwa ajili ya imani yake, na kwamba alikufa akiwa amepiga magoti. Haya ndiyo tuliyopewa, nasi tumeyarithi kama watu wanavyorithi shamba, bila kuuliza mipaka yake ilipimwa na nani.

Mwaka huu, baada ya kustaafu, niliomba ruhusa kwa paroko wa parokia yetu ya zamani nikaonyeshwa daftari la waumini. Jina la mzee nililipata ukurasa wa tatu. Mbele yake imeandikwa kwamba alibatizwa Unguja mwaka 1886, kabila lake Mnyasa, na yakafuata maneno mawili tu: «ametolewa jahazini». Kwa hiyo mzee wetu hakuwa Mbondei. Alikuwa mtoto aliyetekwa huko ziwani, akauzwa, akapakiwa jahazini, kisha akaokolewa na manowari za Waingereza na kukabidhiwa kwa misheni. Katika safu ya mwisho, ile ya maelezo, pana mstari mwingine kwa wino tofauti: «Ametengwa, Februari 1919.» Chini yake: «Amerudishwa, Pasaka 1923.» Sababu haikutajwa.

Kitu kingine nilicho nacho ni kitabu cha Zaburi kisicho na jalada, ambacho shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 88, amekihifadhi ndani ya sanduku tangu afariki bibi yao, mke wa huyo mzee, aliyemlea. Pembeni mwa Zaburi ya 142, ile inayoomba nafsi itolewe kifungoni, pameandikwa kwa penseli «Tabora», na chini yake vipo vistari vidogo vidogo vingi, kama vya mtu anayehesabu siku au juma.

Ninaomba msaada wa kufikiri. Je, karatasi chache namna hii zinaweza kutuambia lolote la hakika kuhusu imani ya mtu na tabia yake, au tunajidanganya? Mtoto aliyeokolewa, akalishwa, akavishwa na kusomeshwa na misheni, alikuwa na nafasi gani ya kutoamini? Na mtu aliyetengwa na kanisa kwa miaka minne, nitamwelezaje mbele ya ukoo unaomwita mtakatifu? Shangazi nilipomgusia habari ya daftari alinijibu, «Acha karatasi zilale,» akabadilisha mazungumzo.

---

Karani Mstaafu anajibu:

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mshtuko.

Nimetunza madaftari ya parokia kwa miaka 22, si katika dayosisi yenu lakini si mbali nayo, na jambo la kwanza ninalowaambia wanaokuja kutafuta wazee wao ni kwamba daftari halikuandikwa kwa ajili yao. Padri aliliandika ili ajue nani aruhusiwe kupokea komunyo, nani azikwe kikristo, nani aoe na nani asioe. Tabia ya mtu inaingia humo kwa bahati tu, tena kwa kawaida inaingia pale alipokosea, kwa sababu aliyekaa kimya na kusali miaka 40 hakumpa padri sababu ya kuchovya kalamu.

Neno «ametengwa» usilitie maana moja. Misheni ya UMCA ilikuwa na adabu kali ya kanisa: mtu alitengwa kwa kuoa mke wa pili, kwa kuishi na mwanamke bila ndoa, kwa kwenda kwa mganga, kwa kumwoza binti yake kwa asiye Mkristo, kwa kucheza ngoma zilizokatazwa, hata kwa kukaa muda mrefu bila kuja kuungama. Mwalimu alibanwa zaidi kuliko mkulima, kwa kuwa yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu Jumapili padri alipokuwa mbali, na katika vijiji vingi padri alikuwa mbali karibu kila Jumapili.

Kwa hiyo mimi nisingekaa sana kwenye mwaka 1919. Ningekaa kwenye 1923. Aliyetengwa hakurudishwa kwa kupita kwa muda. Ilimlazimu aombe mwenyewe, akiri kosa, akubali kipindi cha toba mbele ya watu wale wale aliokuwa akiwafundisha. Sasa fikiri alikuwa nani mwaka huo. Utawala wa Wajerumani ulikwisha kuondoka, Waingereza walikuwa wakianza serikali yao ya Tanganyika na walikuwa na njaa ya watu wanaojua kusoma na kuandika. Mashamba ya mkonge yalimzunguka pande zote. Mtu aliyepitia shule za misheni kule Unguja asingelala njaa kwa kuachana na kanisa. Angepata ukarani bomani au kwenye mashamba, tena pengine kwa mshahara uliopita ule wa ualimu. Hili ndilo jibu langu kwa swali lako la mtoto aliyelishwa na misheni. Mwaka 1886 hakuwa na pa kwenda, ndiyo. Mwaka 1919 alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 40 mwenye njia kadhaa mbele yake, na amefukuzwa mlangoni. Alirudi.

Nina mashaka na jambo moja. Unasema vistari vya penseli ni vya kifungoni Tabora. Mfungwa wa vita aliyefanyishwa kazi kwa minyororo aliwezaje kubaki na kitabu chake na penseli yake, na kurudi navyo? Yawezekana, lakini usilichukue hivi hivi. Daftari la ndoa lina saini za maarusi. Kama alioa katika parokia hiyo hiyo, nenda ukalinganishe mwandiko.

Tena rudi kwenye madaftari ya ubatizo, usome safu ambayo hakuna anayeisoma, ya wasimamizi. Padri huandika jina la mtoto. Lakini msimamizi amechaguliwa na wazazi. Ukitaka kujua majirani walimwonaje mtu, hesabu ni mara ngapi walimkabidhi watoto wao, na watoto wa akina nani. Na usimtafute yeye peke yake. Mtafute na mkewe.

---

Mtoto wa Kengeleni anajibu:

Salaam kutoka Mombasa.

Mimi ni wa uzao wa wale ambao hapa pwani ya Kenya walikuwa wakiitwa Wamisheni, yaani watumwa waliookolewa baharini na kukalishwa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa, kijiji kilichoanzishwa na CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, mwaka 1875, pamoja na wale «Waafrika wa Bombay» waliokwisha kusomeshwa India, huko Nasik, kabla ya kurudishwa huku. Kwa hiyo maneno «ametolewa jahazini» ninayafahamu kwa ndani. Katika nyumba nyingi za kwetu yalinyamaziwa vivyo hivyo. Watu walijitafutia kabila la jirani, wakajifunza lugha yake, wakaoa humo, na wajukuu wakaapa kwamba wao ni wa asili. Sidhani kama ulikuwa uongo wa kumdhuru mtu. Mtoto aliyeporwa majina yote ya kwao alijipatia mapya, na mzee wako kujiita Mbondei kunaweza kuwa ndiyo habari ya kwanza ya hakika uliyo nayo juu ya tabia yake: alikataa kuishi kama mgeni wa kudumu.

Ninalotaka kuongeza juu ya maneno ya Mama Karani ni habari ya anayeshika kalamu. Mimi nilipata barua moja ya mwaka 1880 na kitu, kutoka kituo kimoja ambacho sitakitaja, ambamo Mzungu mmoja amemwandika baba mzaa bibi yangu kuwa «mkaidi, mwenye kiburi, asiyejua shukrani». Niliumia mwezi mzima. Nilianza hata kumwona babu huyo katika hasira zangu mwenyewe. Baadaye, kwa kusoma barua nyingine za mwaka huo huo, nikagundua kwamba ukaidi wake ulikuwa kukataa kuwachapa wenziwe viboko alipoamriwa, na kiburi chake kilikuwa kudai mshahara aliokwisha kuahidiwa. Hata Frere Town penyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1880, viboko vilizidi hadi balozi wa Uingereza akafanya uchunguzi na msimamizi aliyehusika akaondoka. Katika hali kama hiyo, mtu aliyeandikwa «mtiifu» ndiye ambaye mimi ningemtilia shaka kwanza.

Ukweli wa upande wa pili nao usisahaulike. Wapo Wamisheni ambao imani yao haikuhitaji barua ya Mzungu ili ionekane. William Jones, aliyekuwa mmoja wa Waafrika wa Bombay, alipewa ushemasi pamoja na Ishmael Semler mwaka 1885 na Askofu Hannington. Mwaka huo huo akafuatana na askofu safari ya Uganda, askofu akauawa huko Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia. Kisha huyo huyo, akiwa Rabai, akawakubali watoro waliokimbia mabwana zao, wakijificha mamia kwa mamia, mpaka ikalazimu Kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana fidia na kutoa barua za uhuru, siku ya mwaka mpya 1889. Kumpokea mtoro ilikuwa kuhatarisha kituo kizima, na wakubwa wake hawakupenda. Ukisoma hayo hulazimiki kuuliza kama Jones aliamini.

Wazee wetu wengi, hata hivyo, hawakuwa Jones. Walikuwa walimu wa vijijini. Kwao alama ni ndogo, na ni lazima usome mengi ili upate machache. Kuna gazeti la Msimulizi, lililoanza kuchapishwa Unguja mwaka 1888 kwa Kiswahili, na Habari za Mwezi lililotoka Magila, kituo cha UMCA huko Bonde, katika miaka ya 1890. Humo mna habari na barua za walimu wa UMCA wenyewe, kwa maneno yao. Nyaraka za UMCA zimo katika maktaba ya Bodleian, Oxford, na Nyaraka za Taifa Zanzibar pia zafaa kuulizwa. Nakushauri uanze na gazeti, kwa sababu ni mahali pachache ambapo utamsikia mwalimu akisema badala ya kusemwa.

---

Mkweli wa Pangani anajibu:

Mimi sikubaliani na safari hii yote. Shangazi yako amekuambia karatasi zilale. Yeye amemjua mke wa huyo mzee, wewe umelijua daftari. Kwetu aibu ya marehemu hufukiwa pamoja naye. Utakapokwisha kuthibitisha kwamba alitoka jahazini na kwamba alitengwa kwa sababu ya mwanamke (maana sote tunadhani hivyo, tuseme kweli), utakuwa umewapa vijana wa ukoo nini? Kuna majirani ambao hadi leo wakigombania mpaka wa shamba humtupia mwenzao neno la utumwa. Usidhani mambo hayo yamekwisha kwa kuwa sheria ilifuta utumwa Tanganyika mwaka 1922.

---

Mjukuu wa Mwalimu anajibu:

Ndugu yangu Mkweli, umenigusa penye kidonda, na sina jibu kamili. Neno la utumwa limewahi kutupwa katika kijiji chetu, si kwetu bali kwa nyumba ya jirani, nami nikiwa kijana nilicheka pamoja na wengine. Sasa nakumbuka kwamba baba hakucheka, aliondoka. Hilo peke yake limenifanya nione kwamba kunyamaza kulikuwa na gharama yake, na mtu mwingine alikuwa akiilipa.

Mama Karani, nimepanga kurudi parokiani. Bwana wa Mombasa, ahsante sana kwa habari ya magazeti.

---

Mwana wa Dunda anajibu:

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu wa Bagamoyo, na huenda mtashangaa nimeingilia, lakini jambo hili ni letu sote, kwa kuwa misafara iliyowaleta wazee wenu pwani ndiyo iliyowaleta na wa kwetu. Tofauti ni mlango tu walioingilia.

Hapa Bagamoyo, Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao mwaka 1868 wakawa wakiwakomboa watoto na kuwaweka katika kijiji cha Kikristo. Na katika mji huo huo mtoto mwingine, aliyeletwa utumwani kutoka Manyema, alikulia katika nyumba ya liwali wa ukoo wa al-Lamki, akasoma Kurani, akasoma elimu, akapewa uhuru, akawa ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, kiongozi wa tarika ya Kadiria, ambaye hadi kufa kwake mwaka 1931 watu wa mrima wote walimjia kwa elimu na kwa maulidi. Mabwana waliomiliki watumwa waliketi chini kumsikiliza mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Kwa hiyo kumwambia kijana «mzee wetu alitoka jahazini» si lazima iwe kumvua nguo. Inategemea unaanzia wapi na unafikia wapi.

Juu ya swali la kuijua imani kwa karatasi, nitakupa mfano wa nyumbani. Babu wa baba yangu hakuacha cheti chochote. Tuna msahafu wake, na nyuma yake ameandika kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili, kwamba minazi yake miwili iliyo karibu na kisima ni wakfu kwa mafuta ya taa ya msikiti, «hata ikianguka ipandwe mingine». Ni mistari mitatu tu. Sisi tulimjengea juu yake picha ya mcha Mungu asiye na doa, mpaka siku moja mzee wa upande wa mkewe aliponiambia, mbele ya sahani ya wali, kwamba huyo huyo aliyewasha taa ya msikiti hakuwahi kumaliza mahari ya bibi yetu, na alidaiwa hadi kaburini. Nilikasirika. Sasa naona yote mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja bila kuombana ruhusa. Ile minazi aliitoa kweli, na mahari alidaiwa kweli.

Jambo moja tu ningemsahihisha Mama Karani kwa heshima. Kurudi kanisani kwa mzee yule ni dalili nzuri, lakini kurudi mahali ulipozoea heshima kunaweza pia kuwa kupenda heshima. Ningependa kujua alifanya nini katika miaka ile minne ambayo hakuna aliyekuwa akimwandika.

---

Karani Mstaafu anajibu:

Mwana wa Dunda, umenisahihisha vyema na ninakubali. Mtu anaweza kurudi kwa ajili ya kiti cha mbele. Ila kumbuka waliorudishwa hawakurudishiwa kazi ya ualimu mara moja, na wengine hawakurudishiwa kabisa. Ndiyo sababu nasisitiza safu ya wasimamizi, maana huko hakuna mshahara.

Habari ya kifungo cha Tabora, kwa faida ya wanaosoma: vita vilipoanza mwaka 1914 Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza, na mapadri na walimu wengi Waafrika wa UMCA wakakamatwa kwa kushukiwa kuwa wapelelezi. Walipigwa, wakafanyishwa kazi ngumu, na wengine hawakurudi. Waliosalia Tabora waliachiliwa Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alichapisha kijitabu juu ya mateso hayo, ingawa msomaji ajue kwamba alikiandika pia ili Wajerumani wasirudishiwe koloni lao. Mateso yalikuwa ya kweli. Ila «kwa ajili ya imani» ni maneno ya baadaye. Wajerumani waliogopa lugha ya Kiingereza kuliko Zaburi.

---

Mjukuu wa Mwalimu anaandika tena, baada ya majuma matatu:

Nimerudi, nami nawapa taarifa kama nilivyoipata.

Nilikaa parokiani siku mbili. Nikasoma madaftari ya ubatizo tangu 1897 hadi 1941, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa Mama Karani alinitia aibu. Mzee amesimamia watoto 31. Hadi mwaka 1914 ni wa kila aina, wakiwamo wa walimu wenziwe. Kisha kuna pengo la miaka ya vita. Mwaka 1917 na 1918 anarudi, na karibu wote aliowasimamia miaka hiyo ni watoto ambao safu ya baba ina msalaba mdogo, alama ya marehemu. Tangu Februari 1919 hayupo, kama ilivyotazamiwa, maana aliyetengwa hasimamii. Anaonekana tena mwaka 1924, mara moja, na baada ya hapo mara kwa mara hadi mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kazi ya ualimu, kwa kadiri ninavyoona, hakurudishiwa kabla ya 1929. Kwa hiyo miaka sita alikuwa muumini wa kawaida, akilima, na watu wakaendelea kumwita Mwalimu.

Lakini hilo silo lililonifanya nifunge daftari na kutoka nje kupunga hewa. Juni 1919, miezi minne baada ya kutengwa, amebatizwa mtoto wa kike. Safu ya mama ina jina la mwanamke ambaye mumewe, mwalimu wa kijiji cha pili, amewekewa msalaba mwaka 1916. Safu ya baba ina kistari. Na katika safu ya msimamizi limeandikwa, kwa herufi za padri zilizo wazi kabisa, jina la bibi yetu. Mke wa mzee.

Nililitazama jina hilo kwa muda mrefu. Kisha nikaomba daftari la ndoa. Waliandikishwa mwaka 1897. Yeye alikuwa amesoma Mbweni, shule ya wasichana ya misheni kule Unguja, na kabila lake limeandikwa Myao, kwa hiyo naye huenda alitoka katika jahazi lingine. Saini ya mzee ni kubwa, yenye mikia. Ya bibi ni ndogo, imesimama wima, na herufi yake ya «T» ina paa lililoinama upande mmoja, kama nyumba inayotaka kuanguka. Nilikuwa nimepiga picha ukurasa wa Zaburi ya 142. Neno «Tabora» aliliandika bibi. Vistari vyote vile ni vyake. Alikuwa akihesabu akiwa nyumbani.

Nimekwenda kwa shangazi, safari hii bila karatasi. Nilimwambia tu kwamba nimeona jina la bibi yake katika ubatizo wa mwaka 1919, nikamtajia jina la mtoto. Alinyamaza kwa muda, akasema, «Yule tulikuwa tukimwita shangazi. Alilala chumba cha bibi mpaka alipoolewa.» Nikamuuliza kama bibi aliwahi kueleza. Akasema bibi hakueleza, ila kila Alhamisi kuu alikuwa akimwosha miguu yule binti kwanza, kabla ya watoto wake mwenyewe, na mzee akiwapo, ameshika taa.

Ndugu Mkweli, mkutano wa ukoo uko Desemba na bado sijaamua nitasema nini. Shangazi amesema atakuwapo, na kwamba akiulizwa atajibu yeye, si mimi. Mwana wa Dunda, juu ya ile miaka minne sijapata mstari hata mmoja unaomhusu mzee, lakini sasa najua alikuwa akiishi katika nyumba ya nani.

Nimebakiwa na ombi moja. Kwa muda wote huu nimemuuliza mzee peke yake, na juu ya bibi sijui hata alifika Unguja mwaka gani. Je, kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuyatumia madaftari ya wasichana wa Mbweni, na anaweza kunielekeza namna ya kuyaomba?